Kitako cha Kombe

Wananiita mwizi. Wamenitumia barua yenye mhuri, tena mbili, kwamba mimi, bibi mwenye vitukuu, nilitoka ofisini kwa mkuu wa shule nikiwa nimeficha mali ya shule ndani ya kitenge. Ni kweli nilitoka nayo. Iko hapa mezani ninapoandika: kipande cha mvule, cheusi, kizito, kimechongwa kuwa kitako cha kusimamishia kombe. Asubuhi nimekipangusa kwa kitambaa kibichi na harufu ikatoka. Ndizi mbivu na nyasi. Wamekipaka vanishi juu ya vanishi miaka yote hii, na harufu bado imo. Nilikaa nacho puani mpaka chai ikapoa.

Mwizi! Hebu nieleze, halafu nyinyi wa rika langu, mliokula chumvi nyingi kama mimi, mseme wenyewe mwizi ni nani.

Enzi za Mwingereza tulikaa upande wa Muleba, kijiji cha juu, ambako ukisimama mwisho wa migomba unaliona ziwa lote. Baba yangu, nasi tulimwita Tata, jina lake lilikuwa Kyaruzi. Watu wazima walimwita Ta Kyaruzi, kama ilivyo heshima kwetu. Kazi yake ilikuwa kukamua ndizi. Katikati ya migomba, nyuma ya nyumba, palikuwa na mtumbwi uliochongwa kwa gogo moja la mvule. Haukuwa wa kuvulia samaki, ulikuwa wa kukanyagia ndizi, ule tunaouita obwato. Aliuchonga babu yake Tata. Watu watano waliweza kusimama ndani kwa mstari.

Kwa wasiojua: ndizi za kukamua hufukiwa shimoni siku tano, sita, mpaka zilegee. Unazimenya, unazimwaga mtumbwini, unachanganya na nyasi, kisha wanaume wananawa miguu wanaingia kukanyaga. Nyasi nilizikata mimi, kule rweya, uwanda usiolimwa nje ya kijiji. Mtumbwini sikuruhusiwa hata kutia kidole. Walisema mwanamke akigusa, maji hayatoki. Maji yanayotoka kwanza ni matamu, hata mtoto anayenyonya analambishwa. Yakilala na mtama ndipo yanapogeuka rubisi, pombe yetu ya ndizi, na rubisi ni habari nyingine.

Kaka yangu Projesti alisoma shule ya misheni, kilimani, yeye na rafiki zake wanne wa vijiji vya jirani. Siku hizo timu ilipangwa na mafowadi watano mbele, na hao watano ndio walikuwa mafowadi wa shule. Kila Jumamosi asubuhi walikuja kwetu wakitamani yale maji matamu. Wazee wenzake Tata walikuwa wameanza kuchoka magoti, naye alihitaji miguu. Akawaambia, "Atakaye kunywa akanyage."

Na kukanyaga kwa Tata hakukuwa mchezo. Mliingia watano, mkono begani kwa mwenzako, mnaimba, mnakanyaga kwa pamoja. Ukitazama chini, unatoka. Ukimkanyaga mwenzako mguu, unatoka, unanawa upya, unangoja wimbo uishe. Jumamosi ya kwanza Projesti alitolewa mara nne mpaka akataka kulia. Nyasi zilimchana nyayo, na ndizi zikishasagika humo ndani ni utelezi mtupu.

"Tata, nitajuaje mguu wake uko wapi bila kutazama?" aliuliza.

"Una mkono begani kwake, huna?" Tata akamjibu. "Bega litakwambia. Mguu hauondoki bila bega kujua."

Basi wakajifunza. Baada ya miezi michache nilikuwa nasimama pale na mzigo wangu wa nyasi nikiona vichwa vitano vimeinuliwa juu, vinaimba, na miguu kumi humo chini inapishana bila hata mmoja kugusana na mwingine. Nyayo zikawa ngumu. Tena vijana walewale wakienda uwanjani, Projesti alikuwa akiupiga mpira nyuma bila kugeuka, na mwenzake yupo palepale anaungoja. Watu walidhani wamekula dawa. Tata mwenyewe hakuwahi kupiga mpira maisha yake yote. Alikwenda siku moja kuwatazama wakicheza, akarudi anacheka, akawaambia, "Kanyageni vilevile. Mpira ni ndizi tu."

Walishinda mechi baada ya mechi. Walipoingia fainali, Projesti alitia msumari motoni akachoma vitone vitano kwenye ukingo wa mtumbwi, kila fowadi kitone chake. Tata akajifanya kukasirika. Alimfukuza kwa fimbo mpaka karibu na jikoni, halafu nikamwona anarudi peke yake kuvipapasa vile vitone kwa kidole.

Fainali ilikuwa Bukoba mjini, na shule ya huko, wenye viatu. Wahindi wenye maduka walikuwa wametoa kombe. Mwalimu wa michezo wa shule yetu, Mwalimu Sostenes, alimwahidi Tata nafasi kwenye lori. Huyo Sostenes mkumbukeni. Kila Jumapili baada ya misa alikuwa nyumbani kwetu, amekaa juu ya nyasi zilizotandikwa vizuri, kibuyu cha rubisi mkononi, mrija mdomoni. Alikuwa anajua kila kitu. Aliwaona vijana mtumbwini kwa macho yake mawili, akawa anapiga makofi kufuata wimbo. Tata alifuliwa kanzu yake siku nne kabla ya safari. Mama alimtania, "Ta Kyaruzi, unakwenda kuoa?" Naye akasema anakwenda kuona miguu yake mwenyewe ikicheza mbele ya Bwana Disii, yule Mwingereza mkuu wa wilaya.

Sasa nifike kwangu.

Nilikuwa naandaliwa komunyo ya kwanza. Padri mkuu wa shule, Mzungu mwenye ndevu mpaka kifuani, alikuja siku moja kutusikiliza katekisimu. Alikuwa na furaha ya fainali. Akatuuliza, "Nani ataniambia kwa nini vijana wetu wana nguvu namna hii?" Watoto wote wakaimba, "Kwa sala, Padri!" Jibu lilikuwa zuri. Lingetosha. Lakini mimi nilisimama. Nilivimba kichwa, jamani, nilitaka Tata asifiwe. Nikasema, "Na kwa kukanyaga ndizi kwa Tata, Padri. Kila Jumamosi. Tata ndiye aliyewafundisha."

Padri akatoa daftari mfukoni. "Tata yako ni nani?" Nikalitaja jina. Akaliandika. Akaniuliza majina ya wale watano, nikayataja yote, polepole, asikosee.

Mnielewe. Kwa mtoto wa pale, kuandikwa na padri kulikuwa jambo kubwa kuliko yote. Ukizaliwa unaandikwa, ukibatizwa unaandikwa, ukifunga ndoa unaandikwa. Tata hakuwa ameandikwa popote tangu ndoa yake. Nilirudi nyumbani mbio, nikamwambia mama, "Tata ameandikwa na Padri!" Mama akaacha kisu juu ya ndizi alizokuwa anamenya, akaniuliza, "Kwa lipi?" Nilipomweleza, hakunipiga. Aliketi tu.

Sheria ya shule ilikuwa kwamba mwanafunzi haruhusiwi kugusa pombe, si kunywa, si kutengeneza. Vijana wakachapwa viboko sita sita mbele ya shule. Kila mmoja akaapishwa kwamba hataingia tena kwa Kyaruzi, na kwamba hatalitaja jambo lile mbele ya watu. Lakini je, waliondolewa kwenye timu? Thubutu! Padri alilitaka kombe lile. Angewafukuza, kombe lingebaki mjini. Akatafuta njia ya kuadhibu bila kupoteza, akaipata: uvunjwe mtumbwi, ama vijana wasicheze. Dhambi ya watu watano ikabebeshwa gogo. Nami nauliza, kwa kuwa sasa ni mzee na hakuna wa kunichapa: zile zabibu za divai ya misa, hukanyagwa na malaika?

Aliyetumwa na shoka ni Sostenes.

Alikuja mchana, na wanafunzi sita wa kubeba vipande kuvipeleka misheni, ili Padri aone kwa macho. Hakukaa kwenye zile nyasi zake za Jumapili. Alisimama uani, shoka mkononi, anatazama kuku.

"Ta Kyaruzi, waitu," alisema kwa neno letu la heshima, "mimi nimetumwa tu."

Tata akamwambia, "Mwalimu, maji haya matamu umeyanywa. Umemwambia Padri kwamba hayalevyi?"

Sostenes akasema, "Padri ni Padri."

"Na hawa vijana, nikivunja, watacheza?"

"Watacheza. Ameahidi."

Tata akanyoosha mkono, akachukua lile shoka. Hakukubali mtu mwingine aliinue. Mimi nilikuwa nimejibanza nyuma ya mgomba, nikatoka, nikamshika kanzu, ile iliyofuliwa, aliyokuwa ameivaa kwa kuwa alidhani wageni wamekuja kumpa habari za safari. Nikamwambia, "Tata, ni mimi niliyesema."

"Ulisema uongo?"

"Hapana, Tata."

"Basi rudi nyuma, vipande visikurukie."

Mvule haukatiki upesi. Alikata mpaka kanzu ikamshika mgongoni kwa jasho. Kila pigo harufu ilizidi, harufu ya ndizi za miaka ya babu yake, na nyuki wakaanza kuja. Wanafunzi wakabeba vipande vichwani. Sostenes akalitaka shoka lake, akapewa. Kabla hajaondoka akasema, bila kumtazama Tata machoni, kwamba ile nafasi ya kwenye lori haipo tena.

Haipo! Ilikuwepo. Nilipewa mimi. Padri alisema mtoto mkweli anastahili zawadi, akanipa medali ya Bikira Maria na nafasi ya Tata kwenye lori. Nilikwenda nikiwa nimekaa juu ya gunia, kati ya wanakwaya, medali imening'inia shingoni, na kila walipoimba nilitamani lori lianguke.

Bukoba kulikuwa kumenyesha tangu alfajiri, mvua ile ya ziwani isiyojua kukata. Uwanja uligeuka tope. Kipindi cha kwanza vijana wa mjini walitufunga bao moja, lakini viatu vyao vilikuwa vimeanza kujaa. Kipindi cha pili walikuwa wanaanguka kila wakigeuka. Wetu walikuwa peku. Nikaona vichwa vinainuka. Nikaona Projesti hatazami chini tena, anatazama mbele tu, na miguu inajua. Akaupiga nyuma kwa kisigino bila kugeuka, mwenzake akaupokea, akampa wa tatu, wa nne, wa tano, watano wote wamegusa, goli. Walifunga matatu kwa namna hiyohiyo. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka, nikasahau aibu yangu yote.

Halafu nikasikia kitu. Sostenes alikuwa anakimbia pembeni mwa uwanja, mwavuli umempinduka, anapiga makofi akipaza sauti, "Kanyaga! Kanyaga! Kanyaga!"

Neno la Tata. Kwa mapigo ya Tata.

Bwana Disii alipotoa kombe aliuliza kwa Kiswahili chake cha kukatika, "Nani fundi ya timu hii?" Padri akamsukuma Sostenes mbele. Disii akampa mkono. Nilimtazama Projesti. Alifungua mdomo, nikaona kabisa ulimi unataka kusema, kisha akaangalia tope. Alikuwa ameapa. Mimi sikuapishwa na mtu. Nilikuwa hatua kumi kutoka pale na sauti nilikuwa nayo, iliyobaki. Nikanyamaza. Kusema kulikuwa kumenifundisha vibaya.

Wakati wa kurudi lori lilipita mbele ya nyumba yetu likipiga honi na nyimbo, wala halikusimama. Projesti aliruka likiwa linakwenda, nami nikashushwa mbele kidogo kwenye kona. Nilipofika nyumbani nilimkuta Tata amekaa pale mtumbwi ulipokuwa. Ardhi ilikuwa imebaki na alama ndefu, haijaota hata jani. Projesti alikuwa anamweleza, anarukaruka, anaonyesha kwa miguu. Tata alisikiliza yote. Akauliza jambo moja tu.

"Nani alimkanyaga mwenzake?"

"Hakuna, Tata."

"Vizuri."

Hakupata mtumbwi mwingine. Mvule mkubwa namna ile haukuwepo tena karibu, nao wenye mamlaka walitaka kibali kwa kila mti. Akalima kahawa kama wengine, akafa analima kahawa. Sostenes alipandishwa cheo. Mwaka uliofuata aliwaweka wanafunzi wapya kwa mstari, mikono mabegani, wanakanyaga matope nyuma ya bweni huku wakiimba. Naam, yaleyale! Bila ndizi ilikuwa elimu ya viungo. Kwa Ta Kyaruzi ilikuwa dhambi.

Niliyaweka moyoni. Nikaolewa, nikazaa, nikazika. Projesti tumemzika mwaka jana, wa mwisho kati ya wale watano, na nadhani ndiyo sababu shule ilinialika kwenye sherehe yao ya kulikumbuka kombe lile: walitaka mtu wa ukoo. Wakanikalisha mbele, wakanibandika utepe kifuani. Mkuu wa shule akasoma hotuba. Eti siri ya timu ile ya mabingwa ilikuwa zoezi la kukanyaga, lililobuniwa na marehemu Mwalimu Sostenes, mtu aliyeona mbali. Watu wakapiga makofi. Nilipewa kitabu cha sherehe chenye picha yake, anatabasamu. Nilikisoma chote, na miwani. Jina la Tata halimo. Nilihisi damu inanipanda mpaka masikioni, nikasema moyoni, nikifa leo hapa nitakuwa nimekufa kwa hasira na wataandika ni uzee.

Baada ya chakula wakatupeleka ofisini kuona kombe. Nikaomba nilishike. Mkuu wa shule akanifungulia kabati, kijana mwenye adabu, kisha akaitwa nje kupokea wageni wengine. Kombe lenyewe ni jepesi, limechubuka, halina maana. Lakini lilikuwa limekaa juu ya mbao nyeusi. Nikaigeuza niione chini.

Vitone vitano vya msumari.

Kumbe vile vipande walivyovibeba kichwani, Padri aliona ni mti mzuri, akampa seremala wa misheni. Dhambi ile ilifaa kuwa kiti cha kombe lake! Kisha nikalishusha kombe, nikaliweka juu ya mafaili ya mkuu wa shule, nikafunga mbao yangu ndani ya kitenge, nikatoka naaga watu mmoja mmoja.

Jumanne wamemtuma mwalimu wao wa michezo, kijana wa juzi tu, kwa pikipiki. Alinipa shikamoo vizuri, akavua kofia, akala senene, wale panzi wa kukaanga, niliomwandalia. Nikamsimulia kama nilivyowasimulia nyinyi. Nilipofika kwenye shoka, aliacha kutafuna. Nilipomaliza akasema, "Bibi, hili lazima lirekebishwe." Akatoa daftari mfukoni, akafungua kalamu. "Jina kamili la mzee lilikuwa nani?"

Mkono wangu ulikwenda wenyewe. Nikaifunika ile karatasi.

"Usiandike," nikamwambia. "Jina la Tata liliwahi kuandikwa kwenye daftari na mtu wa shule ile. Funga daftari. Jina liseme kwa mdomo."

"Ta Kyaruzi," akasema.

"Sauti."

"Ta Kyaruzi!"

"Hivyohivyo. Kalisemeni paredi, mbele ya wanafunzi wote, kwamba ndiye aliyeifundisha timu ile, na mtumbwi wake mliuvunja nyinyi. Siku hiyo njooni mchukue mbao yenu. Nitawapangusia mwenyewe."

Akasema, "Nimekuelewa, Bibi," akawasha pikipiki.

Mjukuu wa jirani yangu anasoma pale. Nimemwagiza asimame mbele asikilize vizuri. Jumatano nilimuuliza, Alhamisi nikamuuliza, Ijumaa nikamngojea njiani. "Bado, Bibi," ananiambia. "Leo walitangaza usafi."

Leo Jumapili. Mbao iko hapahapa mezani.